Kabla Hujamwandikisha Mtoto: Namna ya Kuchagua Mwalimu wa Karate, Judo au Ngumi Mjini Tanga

Mzazi wa Tanga anayetaka kumpeleka mtoto wake kwenye karate, judo, taekwondo au ngumi mara nyingi huanza kwa kuuliza ni mchezo upi ulio bora, au ni klabu ipi yenye makombe mengi. Kwa maoni yangu maswali hayo yanaweza kusubiri. Atakayeamua kama mtoto atanufaika au ataumia ni mwalimu, na kipimo cha mwalimu ni namna anavyomtendea mwanafunzi aliye dhaifu kuliko wote darasani. Jambo hilo haliandikwi kwenye bango wala halionekani katika picha zinazotumwa kwa simu. Utaliona ukienda mwenyewe, ukakaa kwenye benchi, ukatazama darasa tangu mwanzo hadi mwisho, jioni ya kawaida isiyo na mashindano wala mgeni rasmi.

Nayasema haya kwa sababu mara ya kwanza sikufanya hivyo. Mwanangu alikuwa na miaka 9. Nilimwandikisha katika klabu ambayo ilikuwa karibu na nyumbani, ada yake ilikuwa nafuu, na mwalimu alivaa mkanda mweusi uliodariziwa kwa uzi wa dhahabu. Wiki ya tatu walimpanga na kijana wa miaka 14 aliyemzidi kimo na uzito, wakaambiwa wapigane. Teke lilimpata juu ya sikio. Alianguka, akainuka akiyumba, na mwalimu akamwambia aendelee kwa kuwa atazoea. Usiku ule alitapika mara mbili, na kila baada ya dakika chache akawa ananiuliza swali lile lile: "Baba, leo siku gani?" Tulimkimbiza Hospitali ya Bombo kwa bajaji, wakamlaza na kumwangalia hadi asubuhi. Alipona, namshukuru Mungu. Nilipokwenda kuzungumza na mwalimu yule, nilitambua kwamba hakuwa mtu mkatili. Alifundisha kama alivyofundishwa yeye, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kichwa cha mtoto si mahali pa kuzoeshwa mapigo. Ningekaa pale jioni moja tu kabla ya kulipa kiingilio, ningeyaona hayo kwa macho yangu.

Ujue unachokitafuta

Watu huingia katika michezo ya mapigano kwa sababu mbalimbali. Yupo mzazi ambaye mtoto wake anaonewa shuleni, yupo ambaye mtoto wake hatulii nyumbani, yupo kijana anayetaka kushindana, na yupo mtu wa makamo aliyeambiwa na daktari kwamba apunguze uzito. Iandike sababu yako kwa sentensi moja kabla ya kutoka nyumbani, kwa maana asiyejua anachokitafuta huchukuliwa na maneno ya mwalimu wa kwanza atakayekutana naye.

Kuhusu aina za michezo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa tofauti iliyopo kati ya mwalimu na mwalimu ni kubwa kuliko ile iliyopo kati ya mchezo na mchezo. Karate ilitoka Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, na mwalimu Gichin Funakoshi aliipeleka Tokyo mwaka 1922. Ndani yake mna ngumi, mateke, na kata, yaani mfuatano wa mapigo ambao mtu huufanya peke yake. Mtindo wa Shotokan hupenda mikao mirefu na kupiga kutoka mbali, Goju-ryu hufanya kazi karibu na mwili na kutilia mkazo pumzi, na Kyokushin, ulioasisiwa na Masutatsu Oyama, huwaruhusu wapiganaji kupigana mwilini kwa nguvu zote, jambo ambalo mzazi hana budi kulijua mapema. Judo, aliyoiasisi Jigoro Kano mwaka 1882, haina ngumi wala mateke katika mashindano yake. Ni kushikana, kuangushana na kubanana chini. Taekwondo ya Korea hutegemea zaidi mateke. Ngumi hazihitaji maelezo, na tangu Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alipomshinda Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham mwezi Septemba 2018, vijana wengi wa hapa wanazitaka kuliko mchezo mwingine wowote.

Kwa mtoto mdogo ambaye bado hajui anapenda nini, mimi huielekea judo au karate isiyo na mapigo ya kichwani. Judo ina faida moja ambayo watu huisahau: kabla ya yote mtoto hufundishwa kuanguka, na ujuzi huo atautumia hata siku atakapoteleza na baiskeli yake barabarani. Hata hivyo, judo nzuri iliyo mbali na nyumbani au isiyo na mikeka haimfai mtoto kuliko karate nzuri iliyo jirani. Mtoto ataendelea na mchezo anaoweza kuufikia mara mbili kwa wiki bila nyumba nzima kuhangaika.

Kaa, utazame

Nenda siku ya mazoezi bila kutoa taarifa. Salimia, jitambulishe, kisha omba ruhusa ya kutazama darasa zima. Mwalimu ana haki ya kukutaka ukae kimya, uzime simu, na usimwite mtoto wako katikati ya mazoezi. Lakini akikwambia kwamba wazazi hawaruhusiwi kutazama, kwa madai kwamba watoto wanapoteza umakini au kwamba mbinu zake ni za siri, mshukuru, uondoke, na usirudi tena. Katika mambo yote niliyoyaandika hapa, hilo ndilo ambalo sina nafasi ya kulilegeza.

Ukishakaa, anza kutazama chini. Madarasa mengi ya mitaani hufanyika katika ukumbi wa shule, darasani baada ya madawati kusogezwa ukutani, au uani. Kwa karate ya mapigo na kata, sakafu ya saruji inaweza kufaa ikiwa imefagiliwa, haina mashimo, na haitelezi baada ya jasho kudondoka. Kwa kuangushana haifai hata kidogo. Kama klabu ina mikeka, omba ruhusa, uvue viatu, kisha piga goti juu ya mkeka kwa uzito wako. Goti likihisi ugumu wa saruji chini yake, mkeka huo ni mwembamba mno kwa mtu wa kuangushwa. Tazama pia mahali mkeka mmoja unapokutana na mwingine, kwa sababu nafasi iliyoachwa hapo ndiyo inayokamata vidole vya miguu na kuvitegua. Uliza mikeka inasafishwa mara ngapi na kwa dawa gani, kwani mapunye na magonjwa mengine ya ngozi huenea kwa urahisi pale ambapo watoto hugusana mwili kwa mwili.

Kisha tazama maji. Anayeishi Tanga anajua jinsi Januari na Februari zilivyo, hewa ikiwa nzito hata baada ya jua kushuka. Watoto wanapaswa kupumzika na kunywa maji mara kadhaa katika saa moja ya mazoezi, na yeyote anayehisi kizunguzungu aruhusiwe kukaa kivulini bila kuaibishwa. Bado wapo walimu wanaoamini kwamba kumnyima mwanafunzi maji humkomaza. Hiyo ni hatari kwa afya, na kwa mtoto mwenye selimundu ni hatari kubwa zaidi, kwa maana upungufu wa maji na uchovu mkubwa vinaweza kumletea maumivu makali yatakayomlaza hospitalini. Ikiwa mwanao ana selimundu, pumu, kifafa au tatizo la moyo, zungumza na daktari kabla ya kuzungumza na klabu, kisha umweleze mwalimu ana kwa ana. Ukiona analichukulia jambo hilo kwa wepesi, umekwisha kupata jibu lako.

Baada ya hapo mtafute kwa macho yule mtoto wa nyuma kabisa, mnene au mwembamba kupita wenzake, au anayekosea kila hatua, na usimwondolee macho. Katika klabu niliyoichagua baadaye, jioni niliyokwenda kutazama alikuwapo msichana wa miaka kama 7 aliyeogopa kubiringika. Wenzake walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja akabiringika na kuinuka, na zamu yake ilipofika akasimama tu, ameshika pindo la koti lake. Mwalimu hakumsukuma wala hakumwita mwoga. Alipiga magoti kando yake, akamwonyesha jinsi ya kuinamisha kidevu mpaka kikaribie kifua, akamwambia, "Tazama fundo la mkanda wako, usinitazame mimi." Akamwanzisha akiwa amepiga magoti, mkono wa mwalimu ukiwa nyuma ya shingo yake. Mara ya pili akamwanzisha akiwa amechuchumaa. Mara ya tatu mwalimu aliuondoa mkono, na msichana akabiringika mwenyewe, kombokombo kidogo, akaishia amekaa. "Haya, nyuma ya foleni," mwalimu akasema, kwa sauti ile ile aliyowaambia wengine wote, akamgeukia aliyefuata. Shughuli hiyo haikuzidi dakika mbili, na mimi nilimwandikisha mwanangu kwa sababu ya dakika hizo.

Yapo mambo mengine ya kutazama jioni hiyo hiyo. Je, darasa linaanza kwa kupasha mwili moto na kunyoosha viungo, au watoto wanarukia mateke mara tu wanapofika? Je, wanaopambanishwa wanalingana umri na uzito? Wanafunzi wakubwa wakipangwa na wadogo wanapunguza nguvu, au wanatafuta sifa? Tabia ya wanafunzi wa zamani ni kioo cha mwalimu wao, kwa maana miaka mitano ya kumwiga mtu haifichiki. Hesabu pia idadi ya watoto. Mwalimu mmoja aliye na watoto 40 wanaotupiana mateke hawezi kuwaona wote, hata awe na mkanda wa rangi gani, isipokuwa awe na wasaidizi wanaozunguka na kusahihisha.

Kuhusu nidhamu, tofautisha ukali na ukatili. Kupiga kelele za kuamuru, kudai ukimya, kumrudisha mtoto aliyechelewa mlangoni akasalimie upya, hayo yote ni sehemu ya mchezo, na watoto wengi huyapenda. Fimbo, makofi, matusi, kumsimamisha mtoto mbele ili wenzake wamcheke, au kumpiga "kwa mfano" mbele ya darasa si sehemu ya mchezo wowote ninaoufahamu.

Kichwa cha mtoto

Hapa nawaomba wazazi wenzangu wasome polepole. Ubongo wa mtoto bado unakua, na pigo la kichwani linaweza kuutikisa ndani ya fuvu bila kuacha hata mchubuko nje. Kofia ya kinga hupunguza kuchanika na kuvimba, lakini haizuii mtikisiko huo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja la kupinga ngumi kwa watoto na vijana. Sisemi kwamba mtoto asiguse glovu. Anaweza kuruka kamba, kupiga mfuko wa mchanga, kujifunza kusogeza miguu na kukwepa, na akafurahia ngumi kwa miaka mingi bila kupigwa kichwani. Muulize mwalimu waziwazi: "Watoto wa umri huu wanapigana kichwani?" na "Mtoto akipigwa kichwani, mnafanya nini?"

Jibu la pili linapaswa kuwa moja tu. Mtoto aliyepigwa kichwani akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au akachanganyikiwa, akayumba, akaumwa kichwa au kuona ukungu, huondolewa mazoezini palepale na harudi siku hiyo, hata akisema mwenyewe kwamba yuko salama. Mzazi huarifiwa kabla mtoto hajaondoka. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia isivyo kawaida, maumivu ya kichwa yakizidi, akipata degedege, au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, apelekwe hospitali bila kusubiri kukuche. Kurudi kwenye mapambano ni suala la daktari, tena hatua kwa hatua. Mwalimu anayeyajua haya atayaeleza bila kutafuta maneno. Asiyeyajua atacheka, au atakusimulia jinsi yeye alivyopigwa utotoni na hakudhurika.

Muulize pia lini mara ya mwisho mwanafunzi wake aliumia, na ilikuwaje. Anayesema kwamba kwake hajawahi kuumia mtu ama amefundisha kwa muda mfupi mno au hasemi kweli, kwani vidole huteguka na midomo hupasuka hata mahali pazuri. Unachotafuta ni mtu anayekumbuka tukio, anayeweza kueleza alichofanya na alichobadilisha baadaye, na mwenye sanduku la huduma ya kwanza ambalo ukilifungua lina bandeji na glavu za mpira ndani yake.

Mtoto na mtu mzima asiye wa nyumbani

Klabu ya mapigano humpa mtu mzima mamlaka makubwa juu ya mwili wa mtoto. Anamshika, anamrekebisha kiuno na bega, anamwamuru naye anatii. Walimu wengi hulitumia jambo hilo kwa heshima, lakini mzazi hapaswi kuliacha kwenye bahati. Mazoezi yafanyike mahali panapoonekana kutoka nje, mlango ukiwa wazi. Pasiwe na mafunzo ya faragha ya mwalimu na mtoto mmoja katika chumba kilichofungwa. Watoto wawe na mahali pa kubadilishia nguo palipo mbali na watu wazima, na kama hapapo, mtoto aende akiwa amevaa sare yake tayari. Ujumbe wa simu uende kwa mzazi au kwenye kundi la wazazi, usiende kwa mtoto usiku. Na inapotokea safari ya mashindano ya Dar es Salaam au Arusha, uliza ni nani wanaosafiri, watoto watalala wapi na nani, na kama kuna wasichana, ni mwanamke gani mzima anayekwenda nao.

Mfundishe mtoto kwamba sensei, yaani mwalimu wake, anaheshimiwa, lakini hakuna siri kati ya sensei na mtoto ambayo mama au baba haruhusiwi kuijua. Mweleze kwa maneno yanayolingana na umri wake ni sehemu gani za mwili hazishikwi hata mazoezini. Ukiona mtoto amebadilika ghafla, anakataa kwenda bila kutoa sababu, au anapewa zawadi ambazo watoto wengine hawapewi, simamisha mazoezi kwanza, kisha uulize taratibu. Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi hupokea taarifa za namna hiyo, na namba ya simu 116 hupigwa bure kwa masuala ya usalama wa mtoto.

Vyeti, mikanda na fedha

Mfumo wa daraja za dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, uliletwa na Jigoro Kano katika judo, na karate ikauchukua baadaye. Funakoshi alianza kuwapa wanafunzi wake dan mwaka 1924. Rangi ya mkanda kwa hiyo inaeleza tu kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliridhika na kiwango cha huyo aliyeuvaa. Swali la maana ni nani aliyeridhika. Mwombe mwalimu kwa adabu akueleze alifundishwa na nani, wapi, kwa miaka mingapi, na daraja lake lilitolewa na chama gani. Walimu wa kweli hupenda swali hili, na ukiwaacha watakusimulia habari za walimu wao mpaka adhana ya Magharibi. Vilabu na vyama vya michezo nchini viko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, hivyo una haki ya kuomba kuona cheti cha usajili, au kwenda kwa afisa michezo wa Halmashauri ya Jiji ukamuulize. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwalimu mwema, ila klabu iliyosajiliwa ina viongozi wanaojulikana, na malalamiko yana mahali pa kufikishwa.

Jihadhari na ahadi ya mkanda mweusi kwa mwaka mmoja. Katika karate, kwa mwanafunzi anayehudhuria vizuri, miaka mitatu hadi mitano ni muda wa kawaida, na wengi huchukua zaidi. Kwa watoto wapo wanaoweka mpaka rasmi: Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo mjini Seoul, humpa mtoto aliye chini ya miaka 15 daraja linaloitwa poom badala ya dan.

Fedha zihesabiwe kwa mwaka, zisihesabiwe kwa mwezi. Tuseme ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi, kiingilio 10,000, sare 60,000, na mitihani mitatu ya mkanda kwa 30,000 kila mmoja. Kwa mwaka hizo ni shilingi 400,000, yaani zaidi ya 33,000 kwa mwezi, na bado hujahesabu nauli. Hakuna ubaya mwalimu kulipwa; anafanya kazi. Ubaya ni gharama zinazojitokeza moja baada ya nyingine mtoto akiwa amekwisha kuuzoea mchezo na mzazi anaona haya kukataa. Omba orodha yote siku ya kwanza, na usilipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo hata ukipunguziwa bei.

Ratiba, ibada na njia ya kurudi

Watoto wengi wa mji huu hutoka shule wakaingia madrasa, na mwalimu anayewafundisha anapaswa kulijua hilo. Darasa linalogongana na chuo litamfanya mtoto akose vyote viwili. Uliza saa ya kumaliza, kisha uipime njia kwa miguu yako: kama mtoto anafanya mazoezi Raskazone na mnaishi Mikanjuni, nani atamfuata wakati kiza kimeingia? Bodaboda ya mtu msiyemjua si jibu. Uliza vilevile ratiba ya Ramadhani, kwa sababu mwalimu makini hupunguza uzito wa mazoezi au huyahamishia baada ya futari, na hamlazimishi aliyefunga kupigana alasiri.

Wapo wazazi wanaosumbuliwa na desturi ya kuinama mbele ya mwalimu au mbele ya picha ya mwasisi. Katika michezo hii kuinama ni salamu, haikukusudiwa kuwa ibada, lakini sitamwambia mtu dhamiri yake iseme nini. Zungumza na mwalimu wako wa dini, kisha mwulize mwalimu wa mchezo kama mtoto anaweza kusalimu kwa kuweka mkono kifuani. Wengi hukubali bila mjadala. Kwa wasichana, mashirikisho ya dunia ya karate na taekwondo yanaruhusu hijabu katika mashindano, kwa hiyo mwalimu anayedai kwamba sheria za mchezo zinaikataza hazijui sheria hizo. Kinachotakiwa ni ushungi uliobana vizuri, usio na pini.

Ukiwa unajitafutia mwenyewe

Mengi niliyoyasema yanamhusu pia mtu mzima, ila nitaongeza machache. Ukiwa umevuka miaka 40, au umekaa miaka mingi bila mazoezi, pima shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza, na mwambie mwalimu habari za goti au mgongo wako bila kuona haya. Tazama kama darasani wamo watu wa umri wako na wanafanya nini. Klabu yenye vijana wa miaka 20 peke yao huenda isijue namna ya kumwanzisha mtu wa miaka 45, na misuli iliyochanika wiki ya kwanza imewarudisha wengi nyumbani moja kwa moja.

Ukienda kwa ajili ya kujilinda, msikilize mwalimu anavyolizungumzia panga. Akikuahidi kwamba kwa miezi mitatu atakufundisha kumpokonya kibaka panga, huyo anacheza na maisha yako. Anayestahili kuaminiwa atakwambia utoe simu, utoe pochi, upige kelele na ukimbie, na kwamba mbinu ni kwa ajili ya pale ambapo njia ya kukimbia haipo. Kwa wanawake, omba kuzungumza faraghani na wanawake waliopo katika klabu, uwaulize kama wanafundishwa sawa na wanaume na kama kuna mtu wa kuepukwa katika mazoezi ya kushikana. Watakueleza mambo ambayo hakuna mwalimu atakayeyataja.

Mwezi wa kwanza

Ukisharidhika, omba mwezi mmoja wa majaribio. Katika mwezi huo mtoto akirudi nyumbani usimwulize kama ameshinda. Mwambie akuonyeshe alichojifunza. Mtoto anayefundishwa vizuri huonyesha jambo moja dogo kwa ufasaha, kama namna ya kusimama au ya kukunja ngumi kidole gumba kikiwa nje. Tazama mwili wake anapooga. Michubuko ya mikono na mundi ni ya kawaida, ya usoni na mgongoni inahitaji maelezo. Rudi kutazama angalau mara moja zaidi bila taarifa, ikiwezekana siku ambayo mwalimu mkuu hayupo na darasa linaongozwa na msaidizi, kwa sababu mtoto wako atakuwa mikononi mwa msaidizi huyo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sare inunuliwe mwezi huo ukiisha, si kabla. Hadi hapo fulana na suruali ya mazoezi vinatosha, na klabu inayomzuia mwanafunzi mpya kwa kukosa sare ina haraka na fedha zako. Kama bei ya dukani ni kubwa, mwulize mwalimu iwapo anakubali ya kushonwa, upeleke sare ya kuazima kwa fundi cherehani Ngamiani aichukulie vipimo. Chagua pamba nzito, mabega na makwapa yashonwe mara mbili kwa kuwa ndipo inapochanika, na mwambie fundi aache pindo la vidole vinne ndani ya mikono na miguu, ili mwakani likunjuliwe mtoto atakapokuwa amerefuka.